Petromax 500 kwa mvuvi wa dagaa Tanga: anza na tanki

Taa za betri zimeingia, lakini karabai, yaani taa ya mafuta ya kupigwa pampu, haijatoka kabisa kwenye uvuvi wa dagaa siku za giza. Petromax 500 ina uzito wa kilo 2 na nusu hivi, inachukua lita 1 ya mafuta ya taa na huwaka kama saa 8, kwa hiyo mvuvi hajazi tena akiwa majini. Hiyo 500 ni nguvu ya mwanga kwa hesabu ya mishumaa, ya kwenye karatasi tu, tarajia pungufu.

Kinachoipa thamani ni tanki la shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ambalo halishiki kutu. Baadhi ya nakala za bei rahisi zina tanki la chuma lililopakwa rangi ya kung'aa. Kabla ya kununua, weka sumaku: ikinata, kitako kitaoza kwa ndani, pale maji ya chumvi yanapotuama.

Sumaku isiponata, usitoe hela bado. Bati la shaba likishakandamizwa kiwandani hubaki na mkazo kingoni na shingoni, na amonia ikikutana na unyevu hulipasua hapo hapo. Waingereza waliona hayo India kwenye maganda ya risasi ya shaba ya njano: yalipasuka msimu wa mvua yakiwa karibu na mazizi ya farasi, kwa sababu ya mkojo, na maelezo ya kitaalamu yakaja 1921. Huku kwetu amonia hutoka kwenye mabaki ya samaki yanayooza, na kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo. Karabai isilale banda la dagaa.

Kulipima tanki, mwaga mafuta yote, funga kifuniko, piga pampu mpaka mshale wa kipimo cha presha ukaribie mstari mwekundu, kisha paka maji ya sabuni kwenye mshono wa kitako, shingo ya pampu na kifuniko. Povu likitoka kwenye kifuniko ni raba tu, unabadilisha. Likitoka kwenye ufa mwembamba wa kitako, iache hata kama inang'aa kama pete ya bibi harusi. Lehemu ya bati itaziba leo, ufa utaendelea pembeni yake, na kulehemu tanki lenye mvuke wa mafuta ni kutafuta mlipuko. Kioo kilichovunjika na pampu iliyokufa visikutishe. Vipuri hivyo hubadilishwa.

Pampu ikiwa laini haigomi, ngozi imekauka: itoe, ilainishe kwa mafuta, panua ukingo wake. Mpini ukijirudisha wenyewe juu, valvu ya chini ya pampu ina uchafu au raba yake imeisha, na mafuta yatapanda ndani ya pampu. Mwali wa njano wenye moshi wakati wa kuwasha maana yake bomba linalogeuza mafuta kuwa mvuke halijapata moto. Acha spiriti ya kulipashia moto iteketee karibu yote ndipo ufungue mafuta. Mwanga ukipumua, zungusha gurudumu mzunguko mzima ili sindano isukume masizi yatoke kwenye tundu la mafuta. Ukiendelea kupumua, bomba limejaa kaboni, libadilishe. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli hulijaza mapema, na petroli isiguse tanki hili kabisa. Kabla ya kujaza tena, legeza skrubu ya upepo kifuniko kikiwa bado kimefungwa, karabai ikiwa imezimwa na imepoa.