Uzoefu wangu na Ganga: kutuma kazi kwenye gridi ni kitu kidogo, kuzifuatilia ndiyo shughuli

Nianze na uamuzi wangu kabisa, ili atakayechoka njiani asiondoke mikono mitupu. Ganga ni programu nzuri, ila si kwa sababu ile inayosifiwa kila siku. Wengi wanakwambia inarahisisha kutuma kazi za kompyuta kwenye gridi, yaani vituo vingi vya kompyuta vilivyounganishwa. Kutuma hakujawahi kunisumbua: faili la JDL, lile la kuieleza kazi, lina mistari michache tu, unaliandika, unalikabidhi kwa DIRAC, mfumo unaozigawa kazi vituoni, basi. Kimbembe ni kesho yake asubuhi, mamia ya vijikazi vyako, yaani vipande vya kazi moja, vikiwa vimetawanyika kwenye vituo vya Bologna, Lyon, Karlsruhe na maabara ya RAL kule Uingereza, na wewe unatakiwa ujue vipi vimemaliza, vipi vimekufa, na kilichoviua ni nini.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mimi nafanya uchambuzi wa data za LHCb, mojawapo ya majaribio manne makubwa ya LHC, ule mtambo wa CERN wa kugonganisha protoni ulio ndani ya handaki la duara la kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Data zake hazikai mahali pamoja. Zimegawanywa kwenye mtandao wa vituo vya kompyuta uitwao WLCG, wenye vituo takriban 170 katika nchi zaidi ya 40. Kwa hiyo huzipakui kwenye laptop. Unaipeleka programu yako huko ziliko. Wenzetu wa jaribio la ATLAS wana mfumo wa PanDA, wa CMS wana CRAB, na sisi tuna DIRAC inayobeba mzigo wenyewe, na juu yake Ganga, ambayo ndiyo mtumiaji anazungumza nayo.

Kuzungumza nayo kwenyewe ni kwa Python. Ukiiwasha, unapata ukurasa wa kuandikia amri kama wa IPython. Unaunda kazi, unaiambia itumie programu gani na faili zipi za data, unachagua zigawanywe vipi, kisha unaandika j.submit() na kuendelea na mambo yako. Kitu nilichokipenda tangu mwanzo ni hiki: kazi ileile naijaribu kwanza palepale nilipo kwa j.backend = Local(), nikiridhika nainakili kwa j.copy(), nabadilisha mstari mmoja uwe Dirac(), na sasa inakwenda kwenye gridi. Sigusi kitu kingine. Hitilafu za kijinga, kama jina la tawi (safu ya data) lililokosewa kwenye faili la ROOT, aina ya faili tunayotunzia data, zinajitokeza ndani ya dakika mbili badala ya kusubiri foleni usiku kucha.

Lakini kabla hujafika hapo kuna cheti, kitambulisho chako cha kidijitali cha kuingilia kwenye gridi. Nawaonya mapema wanaoanza: hii hatua inachosha, na Ganga haikusaidii chochote. Unaomba cheti cha gridi, na kuna mtu wa kukuthibitisha kwa kitambulisho chako. Kisha unakitoa kwenye kivinjari, unakigeuza kuwa faili mbili za pem, na ule ufunguo wa siri usipoufunga asiweze kuusoma mtu mwingine, mfumo unaukataa. Baada ya mwaka hivi unarudia. WLCG inahama polepole kutoka kwenye vyeti kwenda kwenye tokeni, na mimi sitavililia. Juu ya cheti kuna proksi, kibali cha muda mfupi kinachoisha baada ya saa kadhaa. Proksi ikiisha, Ganga inaacha kukupa habari za kazi zako mpaka uitengeneze upya.

Sasa nirudi kwenye kinachonifanya nibaki nayo. Ukiandika neno jobs, unapata jedwali la kazi zako zote, mpya na za kale, kila moja na namba yake na hali yake kwa rangi. Ukichimba ndani ya kazi moja, unaona vijikazi vyake. Siku moja niliamka nikakuta kipande kizima cha kazi yangu kimeanguka, na kila kilichoanguka kinasema kitu kilekile: "Application Finished With Errors", yaani programu imemaliza ikiwa na makosa. Ujumbe huo haukwambii lolote. Nikaandika mzunguko mfupi wa Python wa kuchapisha jina la kituo kando ya kila kijikazi kilichokufa, na jibu likaja lenyewe: karibu vyote vilitoka kituo kimoja, ambacho sitakitaja. Nikakiweka kwenye j.backend.settings['BannedSites'], orodha ya vituo vilivyopigwa marufuku, nikachagua vilivyoanguka kwa subjobs.select(status='failed'), nikaamuru resubmit(), nikaenda kunywa chai. Ukurasa wa wavuti wa DIRAC nao una vichujio vyake vizuri, lakini orodha ya kazi ikiwa ni kitu cha Python unachoweza kukihoji utakavyo, swali lolote unaliuliza kwa mistari mitatu.

Kwamba vijikazi vinavyokufa ni vichache, hata hivyo, sifa ni ya DIRAC. Haipeleki kazi yako kituoni ikiwa kipofu. Inatuma kwanza kazi tangulizi isiyobeba kitu, kama mtu unayemtangulizisha benki akushikie foleni. Ikifika inakagua mashine, ikiona iko sawa ndipo inaomba kazi halisi kutoka kwenye foleni kuu. Mashine mbovu inagunduliwa kabla ya kumeza kazi ya mtu. DIRAC yenyewe ilianzia LHCb, na leo inatumiwa na majaribio mengine pia, Belle II ya Japani ikiwemo.

Yanayonikera yapo. La kwanza, Ganga inafuatilia kazi pale tu inapokuwa imewashwa. Ukiifunga, kazi zinaendelea huko ziliko, lakini matokeo hayashuki mpaka uiwashe tena. Dawa ni kuiacha ndani ya tmux, programu inayobakisha kikao chako hai hata ukiondoka, kwenye lxplus, seva za CERN. Ila lxplus ni jina moja kwa mashine nyingi: kesho ukiingia unaangukia nyingine, na kikao chako hukioni. Andika namba ya mashine mahali. Hata ukiikumbuka, tiketi ya Kerberos, kibali chako cha muda cha kuingia, ikiisha Ganga inashindwa kuandika kwenye AFS, hifadhi ya faili ya CERN, na unakuta ukurasa umejaa makosa.

La pili ni folda ya gangadir, ambamo Ganga inaweka kumbukumbu na matokeo ya kazi zako. Isipoelekezwa kwingine inakaa kwenye nyumba yako, yaani folda yako binafsi, na nyumba ya AFS ni finyu. Matokeo makubwa yatangaze kuwa DiracFile, yabaki kwenye hifadhi za gridi, uyasome ukiwa mbali. LocalFile iache kwa histogramu na vitu vyepesi. Na kazi za zamani ufute. Jedwali likijaa, Ganga inachukua muda mrefu kuamka.

Kwa wenzangu wanaoenda likizo nyumbani: hii ni kazi ya terminali tupu, haili bando. Nikiwa Morogoro kwa hotspoti ya simu nimewahi kutuma na kurekebisha kazi bila shida, maana data zote zinapita kati ya seva za Ulaya na kwangu yanakuja maandishi tu. Umeme ukikatika, tmux inashikilia kila kitu kule kule.

Kama unaanza leo na unachotaka ni kuzalisha faili za ntuple, majedwali ya data zilizochujwa, kutoka kwenye data zote za LHCb, usianzie kwa Ganga. Kuna Analysis Productions, mfumo wa LHCb: unaandika maelekezo kwenye faili la maandishi la YAML, unayapeleka GitLab, tovuti ya kuhifadhi msimbo, yanajaribiwa yenyewe, kisha DIRAC inayaendesha kwa niaba ya kundi lako na matokeo yanahifadhiwa kwa utaratibu. Anayeshughulikia vijikazi vilivyokufa si wewe. Mimi nimehamishia huko uzalishaji wote mkubwa. Ganga nimeibakizia majaribio bandia ya takwimu, yale ya kuendesha modeli ileile mara elfu kwa mbegu tofauti za namba nasibu, na vikazi vya ghafla ambavyo msimamizi wangu anaviomba Alhamisi jioni.