Kuosha DPF ya Mazda CX-5 ya dizeli hapa Mombasa: uzoefu wangu na gereji mbili

Gari ni Mazda CX-5 ya 2016, injini ya dizeli ya 2.2, iliyoletwa kutoka Japani. Mita ilikuwa kilomita 113,000 taa ya DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi) ilipoanza kuwaka na kuzima. Kazi ile ile imefanywa mara mbili. Gereji ya kwanza ilipuliza povu la kusafishia, ikafuta hitilafu kwenye kompyuta, kisha taa iliporudi ikasema dawa ni kukata, yaani kuliondoa chujio kabisa. Ya pili ilifungua chujio, ikalipima kwenye mizani, ikaliosha na kulirudisha, na mpaka sasa zimepita kilomita 14,000 bila taa. Sitaji jina la gereji yoyote. Ninachotaka ujue ni kazi yenyewe, maana ukiijua utaitambua gereji nzuri hata kama hujawahi kuisikia.

Tuanze na kinachoziba. Ndani ya DPF hukaa vitu viwili, na mafundi wengi huvichanganya. Masizi yanatokana na dizeli isiyoungua yote. Hayo gari huyachoma lenyewe kwa kuongeza dizeli kidogo silindani ili joto la chujio lipande hadi karibu nyuzi 600. Jivu linatokana na oili ya injini, na jivu haliungui. Hata uendeshe kutoka Mombasa mpaka Malindi na kurudi, utalikuta palepale. Kompyuta ya gari inajua tofauti hiyo: namba P2463 ni masizi yaliyozidi, P242F ni jivu lililozidi. P2453 si kuziba kwanza, ni sensa ya presha inayosoma visivyo. Fundi anayesema "DPF imeziba" na hajakuonyesha mojawapo ya namba hizo kwenye skana, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, hajapima bado.

Kuchoma masizi kuna dalili zake ukizizoea. Taa ya kijani ya i-stop (mfumo wa kuzima injini gari likisimama) haiwaki hata injini ikiwa moto, matumizi ya dizeli kwenye skrini yanapanda bila sababu, na ukizima gari feni ya rediata inabaki ikivuma huku harufu ya chuma kilichochomwa ikitoka chini. Ukisikia hivyo, umekatiza kazi katikati. Ukikatiza mara moja si neno, gari litajaribu tena. Lakini gari linalotoka Nyali kwenda mjini, likasimama kwenye foleni ya feri Likoni, likazimwa, kila siku hivyo hivyo, halimalizi hata mara moja. Kitabu cha gari kinasema taa ya DPF ikiwaka tu (haizimi-zimi), injini iwe na joto la nyuzi 80 au zaidi, uendeshe kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa au zaidi kwa dakika 10 hadi 15. Mimi naona barabara ya Mtwapa kuelekea Kilifi ndiyo inayofaa, gia ikishikwa chini kidogo ili injini izunguke karibu 2,000. Taa ikianza kuwaka na kuzima, hapo kuendesha hakutoshi tena, ni kuunganisha skana.

Zingatia hizo nyuzi 80. Gereji ya pili iliposoma joto la maji ilikuta 71 gari likiwa barabarani, kwa sababu thamostati, kilango cha maji ya kupozea kinachofunguka injini ikipata joto, ilikuwa imekwama wazi. Pwani kuna mazoea mabaya sana ya kutoa thamostati kabisa, eti joto la huku ni kali na injini itachemka. Kwa gari la petroli la zamani utapoteza mafuta kidogo. Kwa dizeli yenye DPF unaliua chujio, maana kompyuta inasubiri joto ambalo halifiki na haianzi kuchoma. Ukinunua gari mkononi mwa mtu, soma joto la maji kwa skana ukiwa unaendesha. Sindano ya dashibodi au taa ya bluu haikwambii kitu hapa.

Oili ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Injini hii inataka oili ya majivu machache: kwa kiwango cha Japani ni DL-1, ambayo majivu yake hayazidi asilimia 0.6, kwa kiwango cha Ulaya C3, isiyozidi 0.8. Oili ya malori ya 15W-40 iliyoandikwa CI-4 ni oili nzuri kwa lori, lakini jivu lake liko juu ya hapo kwa mbali, na lote linaishia kwenye DPF. Ukibadilisha oili pamoja na filta yake, inaingia takriban lita 5.1. Na stiki ya kupimia ina alama tatu, si mbili: L, F, na juu kidogo ya F kuna X. Hiyo X imewekwa kwa makusudi. Dizeli ya kuchomea masizi hupenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili, kwa hiyo kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Oili ikifika X, ibadilishe siku hiyo, maana imekuwa nyepesi na hailindi tena beringi za injini wala za taabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini). Wapo wanaofurahi kwamba gari lao "halili oili". Inuseni kwanza, huenda kinachoijaza ni dizeli.

Sasa gereji ya kwanza. Walichomoa sensa moja ya joto, wakaingiza mrija kwenye tundu lake, wakapuliza povu la kopo moja, wakawasha injini na kuagiza ichome ikiwa imesimama. Njia hii si uongo. Inasaidia pale tatizo ni masizi peke yake na bado si mengi. Lakini namba iliyokuwepo ilikuwa P242F, na povu halitoi jivu mahali popote, linalilowesha tu na kulisukuma ndani. Thamostati hawakuigusa. Baada ya kuchoma walimwaga oili, jambo ambalo ni sahihi kabisa, kisha wakajaza 15W-40 ya dramu, na hapo wakaharibu. Taa ilirudi baada ya kilomita 420. Ndipo wakasema tukate: wapasue nyumba ya chujio, watoe kauri yote ya ndani inayonasa masizi, walehemu tena, na mtu wa kompyuta afute DPF kwenye programu.

Nilikataa, na sababu si woga. Sheria ya trafiki ya Kenya hairuhusu gari kutoa moshi mwingi barabarani, lakini tuweke sheria kando. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Moshi huo unatoka kwenye kimo cha uso wa mtoto anayevuka barabara Kisauni. Halafu kuna upande wa gari: kukata kunaficha ugonjwa. Kama nozeli ya kupulizia dizeli silindani inavuja au bomba la taabo limepasuka, DPF ndiyo inayopiga kelele mapema. Ukiitoa, utajua siku taabo inapokufa.

Gereji ya pili ilinifurahisha kabla hata ya kufungua nati. Fundi aliwasha swichi bila kuwasha injini akaangalia sensa ya presha: isome sifuri. Isiposoma sifuri, sensa au mipira yake miwili midogo ndiyo mibovu na hakuna haja ya kushusha chochote. Ilisoma sifuri. Injini ikiwa moto na imesimama, presha ilikuwa 2.1 kPa (kilopaskali, kipimo cha presha), na kwa mizunguko 2,500 ikawa 6.8. Akaangalia mabomba ya taabo kwa dalili ya oili iliyovuja, halafu akamulika tochi kwenye nozeli. Namba tatu ilikuwa na utando mweusi kama lami pembeni yake. Hiyo ni washa ya shaba, pete ndogo ya kuzibia chini ya nozeli, iliyoacha kubana. Moshi wa silinda hupita hapo, unaijaza oili masizi, na mbele ya safari unaweza kuziba chujio la pampu ya oili kule chini ndani ya sampu, bakuli la oili. Washa ni nne na hutumika mara moja tu. Lazima kikalio kisafishwe mpaka kingʼae, la sivyo mpya nayo itavuja.

Kushusha DPF ya gari hili kunachukua muda kwa sababu iko karibu sana na taabo, ndani ya nyumba moja na katalaiti, kisafishio kingine cha moshi. Sensa za joto zimeshikwa na kutu kwenye nyuzi zake, na hewa ya chumvi ya hapa kwetu inazidisha. Walizilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Chujio likapimwa likiwa kavu. Likalowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni maalumu, kisha likasukumwa maji kutoka upande wa kutokea kurudi upande wa kuingilia, kinyume na njia ya moshi, kwa presha ndogo. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama wino wa pweza. Yaliyofuata yalikuwa ya kijivu na mazito, kama uji wa saruji, na hilo ndilo jivu lenyewe. Waliendelea mpaka yakatoka meupe, wakalikausha kwa hewa moto saa kadhaa, wakalipima tena. Lilikuwa limepungua gramu 87. Omba mizani. Gereji isiyopima uzito kabla na baada haina namna ya kukuthibitishia chochote, na likipimwa halijakauka, maji yatakudanganya.

Usikubali petroli, asidi ya kusafishia vyoo, wala ile bunduki ya maji ya kuoshea magari ikielekezwa karibu. Kuta za kauri ni nyembamba, na ukizipasua masizi yatapita moja kwa moja. Presha itasoma vizuri sana na mtasherehekea chujio lililokufa. Ukitaka kuhakiki, pitisha kidole kwenye mdomo wa ekzosi baada ya wiki mbili. Cheusi kikijaa kidoleni, kauri imepasuka.

Baada ya kufunga, kwa gasketi mpya, presha ilikuwa 0.3 injini ikiwa imesimama na 1.4 kwa 2,500. Hatua ya mwisho wengi huisahau: kompyuta ina hesabu yake ya jivu, na lazima iambiwe kwa skana kwamba chujio ni safi. Isipoambiwa, itaendelea na hesabu ya zamani na kuchoma ovyo. Wakajaza DL-1 na kufunga thamostati mpya.

Gharama: kuosha shilingi 15,000, kushusha na kupandisha 7,000, ukiacha thamostati, washa na oili. DPF mpya ni laki kadhaa.

Na gereji ya kwanza? Waliniandikia makadirio ya 12,000, ankara ikaja 19,500, na funguo zikashikwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima ya ukarabati wa magari ambayo wenye magari wengi hawaijui. Ukipewa makadirio, fundi haruhusiwi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Una haki ya kurudishiwa spea iliyotolewa. Spea mpya pamoja na kazi ya kuifunga ina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, kinachotangulia. Nililipa ili gari litoke, nikaandika kwenye nakala ya risiti "nimelipa kwa kupinga", na siku iliyofuata nikapeleka barua: makadirio 12,000, asilimia 10 ni 1,200, kwa hiyo mwisho wao 13,200, dai langu 6,300, walipe ndani ya siku 14. Barua ilitaja Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inapokea madai hadi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Pesa zilirudi siku ya 11. Bila karatasi ile ya makadirio nisingekuwa na cha kushika, hivyo hata fundi akiwa rafiki, mwambie aandike kiasi, kazi na tarehe.

Kuhusu dizeli yenyewe, usiisingizie sana. Nchi za Afrika Mashariki zilishuka hadi salfa ya 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015. Kenya ilikuwa 500 kabla ya hapo, na kwa 500 DPF isingedumu. Kilichobaki ni kuchanganywa na mafuta ya taa, ambako kulipungua sana tozo ya shilingi 18 kwa lita ilipowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018. Jaza kituo kimoja chenye magari mengi na uweke risiti.

Lawama yangu moja kwa gereji ya pili: sensa moja ya joto ilivunjika ikitolewa, pamoja na kuloweshwa kote. Walikuwa wameandika kwenye makadirio kwamba ikivunjika nusu ni yao nusu ni yangu, na ndivyo tulivyolipa. Ila ilibidi gari lisimame siku nne likisubiri sensa kutoka Nairobi. Wakishusha DPF ya gari lililokaa Pwani zaidi ya miaka mitatu, waambie wawe na sensa moja mkononi kabla hawajagusa spana.