Katriji ya turbo kwa gari kuukuu la dizeli: tathmini baada ya kuifunga na kuitumia

Gari la dizeli lililotumika miaka mingi linapoanza kukosa nguvu mlimani, kupiga mluzi mkali unaopanda kadiri injini inavyokanyagwa, na kuacha moshi wa bluu nyuma yake, mwenye gari huwa na njia tatu. Anaweza kununua turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi) nzima mpya, anaweza kumpa fundi ile ya zamani abadilishe bushi (vishikizi ambamo shafti huzunguka) na ringi (pete za kuzuia oili) peke yake, au anaweza kununua katriji, yaani sehemu yote ya katikati ikiwa na shafti, mapanga yake mawili na bushi zake, kisha akaifunga ndani ya magamba, yaani maganda ya nje ya turbo, yale yale ya zamani. Nilichagua njia hii ya tatu kwa turbo ya CT12B, inayofungwa kwenye injini ya Toyota 1KZ-TE ya lita 3.0, na nimeendesha gari mjini na katika safari ndefu zenye mzigo kwa muda unaotosha kuitolea hukumu. Ninaipendekeza bidhaa hii bila kusita, kwa sharti moja: njia ya oili ishughulikiwe kwa uzito ule ule unaopewa turbo yenyewe.

Katriji ilifika ikiwa imezibwa vifuniko vya plastiki kwenye matundu ya kuingizia na kutolea oili, jambo linaloonekana dogo lakini ambalo ningelikosa ningeirudisha dukani, kwa kuwa chembe moja ya mchanga inatosha kuikwaruza bushi. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya kipimo cha mizani ya shafti, yenye mchoro na namba inayolingana na ile iliyochongwa kwenye mwili wa katriji. Hiyo ndiyo karatasi ambayo mnunuzi anapaswa kuidai kabla ya kutoa fedha. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika mwendo huo hata uzito mdogo sana uliozidi upande mmoja wa panga hugeuka kuwa mtikisiko unaozila bushi upesi. Kwa sababu hiyo siikubali njia ya kubadilisha bushi na ringi peke yake, isipokuwa karakana inayofanya kazi hiyo iwe na mashine ya kupima mizani na iwe tayari kumwonyesha mteja matokeo.

Niliipima shafti kwa vidole kabla ya kuifunga. Ilipovutwa na kusukumwa kwa urefu wake haikuonyesha mwendo wowote unaohisika, na ndivyo inavyotakiwa. Iliposukumwa upande kwa upande ilicheza kidogo, bila panga kugusa ganda. Mchezo huo mdogo wa pembeni huwatia watu hofu bure. Bushi za turbo hizi huelea juu ya utando wa oili, kwa hiyo zikiwa kavu lazima ziwe na nafasi, na nafasi hiyo hujazwa oili inapoanza kupita kwa shinikizo. Katriji yangu ya zamani, kwa upande wake, ilikuwa na mwendo wa wazi kwa urefu, na ncha za panga la upande wa hewa zilikuwa zimelika kwa kusugua ukuta wa ganda. Ukuta wenyewe ulikuwa na alama hafifu tu, na ganda la upande wa eksozi halikuwa na ufa wa kutisha, ndipo nikaona magamba yanafaa kuendelea kutumika. Ganda lililochimbika au lililopasuka vibaya huondoa faida yote ya kununua katriji.

Ufungaji wenyewe si mgumu kwa fundi mwenye subira. Alama zipigwe kwenye magamba kabla ya kuyatenganisha, ili tundu la kutolea oili lielekee chini na mdomo wa hewa ukutane na bomba lake bila kulazimishwa. Bolti za upande wa eksozi zilikuwa zimeshikana kwa joto la miaka, na zinahitaji dawa ya kulainisha kutu na muda wa kusubiri, kwani ikikatika moja kazi huongezeka maradufu.

Bomba la kupeleka oili ndilo lililonifunza mengi. Tulipolikata lile la zamani kwa msumeno, tulikuta ndani yake gamba jeusi na gumu la oili iliyoungua, limeziba sehemu kubwa ya njia karibu na pale linapoingia kwenye turbo, ilhali kwa nje bomba lilionekana zima kabisa. Gamba hilo hutokana na oili iliyochakaa, na pia na mazoea ya kuzima injini ghafla baada ya mwendo mkali, oili iliyosimama ikaungulia kwenye chuma chenye moto. Katriji mpya ikifungwa na bomba la namna hiyo itakosa oili na kufa kifo kile kile, kisha muuzaji atalaumiwa. Bomba jipya, oili mpya na filta mpya vihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya kazi tangu mwanzo.

Bomba la kurudisha oili nalo lina masharti yake. Oili hurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka tu, haina kitu cha kuisukuma, na ringi zinazoizuia ndani ya turbo ni za chuma wala si za mpira. Bomba likikunjika, au ringi za pistoni zikiwa zimechoka hata upepo wa silinda ukajaa chini ya injini, oili hushindwa kuteremka na kutokea kwenye ringi hizo za turbo, hata kama katriji ni mpya. Silikoni pia isipakwe kwenye maungio ya oili, kwa kuwa vipande vyake hukatika na kuziba matundu. Gasketi iliyokusudiwa inatosha.

Kabla ya kuwasha, tulimimina oili safi kwenye tundu la juu la katriji, tukazungusha injini kwa stata mafuta yakiwa yamekatwa, kisha tukaiacha ingurume taratibu kwa dakika chache bila kukanyagwa. Kwa gari lenye intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, oili iliyotuama humo imwagwe yote kabla ya hatua hiyo. Injini ya dizeli haihitaji cheche, kwa hiyo ikivuta oili ya kutosha kupitia njia ya hewa inaweza kukimbia yenyewe hata funguo ikizimwa, na huwa haisimami mpaka inyimwe hewa. Hilo ni jambo la hatari na halina nafasi ya uzembe.

Moshi uliendelea kutoka katika safari za kwanza, wakati masalia ya oili kwenye eksozi yakiungua, kisha ukakoma. Mluzi umetoweka, nguvu inakuja mapema zaidi kwenye mzunguko wa chini, na sijalazimika tena kuongeza oili kati ya huduma moja na nyingine. Lawama yangu kwa bidhaa ni kwamba haikuja na gasketi wala washa za shaba, na kijikaratasi chake cha maelekezo hakikutaja bomba la oili hata kwa mstari mmoja.

Kwa turbo zenye mabawa yanayojigeuza upande wa eksozi, pendekezo langu linabadilika. Katriji peke yake haiondoi masizi yanayoyakwamisha mabawa hayo, na baada ya kuyasafisha huhitaji kurekebishwa kwa mashine maalumu inayopima mtiririko wa hewa. Mwenye gari la namna hiyo ni bora anunue turbo nzima, au aipeleke kwa karakana yenye mashine hiyo, akiwa ameisoma kwanza namba iliyo kwenye kibati cha turbo yake, maana injini za jina moja zinaweza kufungwa turbo zinazotofautiana.