Chupa, mfuko au trei: ununue kipi cha kuhifadhia maziwa ya mama?

Kabla hujanunua chochote, kaikague friji yako. Kama sehemu ya barafu ni kile kiboksi cha ndani, mlango mmoja kwa vyote viwili, hesabu wiki mbili tu za kuweka maziwa humo. Friza yenye mlango wake, inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, huyatunza vizuri kwa miezi 6. Hata yakifika 12 yanafaa, ila ubora unakuwa umeshuka. Na kama mtoto atayanywa kesho au keshokutwa, usijisumbue kuyagandisha, maana kwenye friji ya nyuzi 4 yanakaa hadi siku 4. (Kugandisha ninakokusema hapa ni kufanya barafu. Maziwa mgando ni habari nyingine.)

Nafasi ya kwanza nawapa vikopo na chupa ndogo za plastiki ngumu zenye mfuniko wa kuzungusha. Zinafaa kwenye friji na kwenye friza, zinachemshika, na mtoto wa pili atazikuta. Pindua chupa utazame kitako: pembetatu yenye namba 5 ni polipropilini, chukua. Namba 7 iache, isipokuwa imeandikwa wazi kuwa haina BPA (kemikali ya plastiki inayohofiwa kuvuruga homoni), kwani kundi hilo linajumuisha polikaboneti, ambayo hutengenezwa kwa BPA. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku chupa za watoto za aina hiyo mwaka 2011. Ukipata zinazojifunga moja kwa moja kwenye pampu yako, bora zaidi, kwa kuwa kila unapohamisha maziwa kutoka chombo hadi chombo kuna mafuta yanayobaki ukutani.

Nunua za mililita 60 hadi 120. Chupa ya 250 inavutia machoni, lakini mtoto akinywa nusu akalala, yaliyobaki yana saa 2 tu, kisha ni ya kumwaga. Aliyewahi kukamua saa nane za usiku anajua uchungu wa kumwaga. Ukijaza, acha sentimita mbili na nusu juu, kwa sababu maziwa yakiganda yanatanuka. Ubaya wa chupa ni mmoja: zinakula nafasi.

Hapo ndipo mifuko inaposhika nafasi ya pili, na kwa mwenye friza ndogo inapanda hadi ya kwanza. Nazungumzia mifuko iliyotengenezwa mahususi kwa maziwa ya mama, si ile ya kawaida ya kufungia vyakula, ambayo ni myepesi na hupasuka mshono. Hata ya mahususi hailingani. Pakiti yangu ya kwanza niliinunua kwa urahisi wa bei. Nikaweka mmoja kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, nikageuka kidogo, niliporudi maji yote yalikuwa meupe. Tangu siku hiyo nikifungua pakiti mpya natia maji mfuko mmoja, naufunga, naulaza juu ya karatasi ya tishu kwa saa nzima. Tishu ikilowa, pakiti nzima haiingii friza. Tafuta zipu mbili na mshono mpana pembeni. Mistari ya vipimo usiiamini, kwani mfuko ukivimba tumbo unadanganya. Pima kwenye chupa kwanza. Tarehe iandike kabla ya kujaza. Ulaze bapa hadi ugande, kisha isimamishe yote kama vitabu rafuni, ya zamani mbele. Ikiwa myembamba hivyo huyeyuka upesi. Kasoro yake ni kwamba ukishautumia unautupa, kwa hiyo gharama haiishi.

Kioo ni cha tatu, na najua wapo watakaonikatalia. Hakishiki harufu, hakikwaruziki, kwenye friji sioni cha kukishinda. Tatizo ni friza: kikijazwa kupita kiasi kinapasuka, na kikitoka kwenye barafu kuingia maji ya moto ni hivyo hivyo.

Trei za silikoni zinashika mkia. Vipande vidogo ni vizuri kwa kuchanganyia chakula cha mtoto anayeanza kula, lakini itabidi uvihamishie kwenye mfuko, mikono inagusa zaidi, na silikoni hunasa harufu ya friza. Isiyo na mfuniko usiiguse kabisa.

Mashine ya kupashia maziwa unaweza kuishi bila hiyo. Bakuli la maji ya uvuguvugu linatosha. Maikrowevu isikaribie maziwa haya, kwani hupasha bila ulinganifu na kuacha sehemu za kuunguza kinywa. Pesa hiyo nunulia kipimajoto cha friji. Chombo chochote kisikae mlangoni, kiweke nyuma kabisa, mbali na joto la kufungua na kufunga.

Kifaa changu cha mwisho ni cha bure: kikombe cha maji kilichogandishwa, na sarafu juu yake. Umeme ukikatika ukiwa safarini, kitazame kwanza. Sarafu ikiwa bado juu, kagua mfuko mmoja mmoja. Wenye chembe za barafu ndani unaweza kugandishwa tena. Ukiikuta imezama na barafu imeifunika, ujue friza iliyeyuka ikaganda upya. Mwaga yote.