Tahadhari: Kuna Tapeli wa "Paka wa Bure, Lipa Nauli Tu"

Jamani, anayetafuta paka wa kufuga asome hii kabla hajatuma hata shilingi. Kuna mtu anayejiita mwokoaji wa paka wa Mji wa Kale, Mombasa. Anachukua picha za paka wetu, hawa tunaowalisha na kuwatibu mitaani, kisha anatangaza kwamba anawatoa bure kwa yeyote atakayewatunza vizuri. Paka hana hata mmoja. Anachokusanya ni nauli.

Tulijua kwa simu. Mama mmoja alipiga kutoka Nairobi, amesimama kwenye ofisi ya vifurushi vya basi, ana kikapu mkononi na binti yake pembeni, anauliza mbona dereva hana habari ya paka yeyote. Namba yetu aliiona kwenye picha yenyewe, kwa kuwa tapeli hakujisumbua hata kukata sehemu tuliyoiandika. Tangu hapo wengine wametutafuta, na hadithi zao zinafanana mpaka kwenye maneno.

Mwanzo hataki bei kabisa. "Simuuzi, namwogopa Mungu," ndivyo anavyosema. Hapo anajua anachokifanya, maana wengi wetu huku Pwani tumekua tukiisikia ile hadithi ya Mtume inayokataza kupokea bei ya paka, na hata ambao masheikh wao wanaruhusu kununua huona raha zaidi wakipewa. Basi unamwona mcha Mungu, huulizi zaidi. Anakuomba 1,500 za basi tu. Jina linalotokea kwenye M-Pesa silo analojiita, lakini anakuwahi: hiyo laini ni ya mke wangu. Unatuma. Asubuhi yake kampuni ya basi imekataa kumpakia bila kreti, 2,500, utarudishiwa ukishampokea. Mchana paka amefika Mtito Andei, katikati ya njia ya Nairobi, na amezuiliwa kwa kukosa kibali, anatakiwa 3,000. Yule mama alipigiwa na "afisa" mwenyewe, sauti nzito, akaambiwa paka asipolipiwa kufikia jioni atachomwa sindano afe. Mtoto anasikia yote. Mama akatuma.

Biashara yenyewe iko hapo Mtito Andei. Ile nauli ya kwanza ni kukupima. Ukishampa paka jina, ukishamnunulia bakuli, mtoto kesha waambia wenzake shuleni, nani atakubali afe njiani kwa elfu tatu? Na mkijua kwamba malipo ya serikali kuu siku hizi hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa Paybill 222222, mtaelewa kwamba afisa anayetaka utume kwenye simu yake binafsi ni mwizi, au ni afisa mla rushwa, na vyovyote vile hakuna sababu ya kumtumia.

Yeyote aliyewahi kuishi na paka angemkamata mapema kwa matangazo yake tu. Lipo moja linalosema "dume, rangi tatu, mpole". Paka mwenye weusi, weupe na rangi ya chungwa kwa pamoja karibu kila mara ni jike. Dume wa hivyo huzaliwa kwa nadra mno, na aghalabu hazalishi. Huyo wa kwenye picha sisi tunamjua, ni bibi mmoja mkali anayeshinda soko la samaki, na upole hana. Tangazo jingine linamsifu paka kuwa "mzazi mzuri, atakupa watoto". Mtazame sikio la kushoto, limekatwa ncha. Ndiyo alama tunayowaachia waliokwisha kufungwa kizazi, ikikatwa wakiwa bado wamelala kwa dawa, ili tusije tukawategea mtego mara ya pili. Huyo hazai tena mpaka kiama.

Halafu kuna wale "Waajemi wa macho ya buluu", yaani paka wa aina ya Persian. Watoto wa paka karibu wote huwa na macho ya buluu wiki zao za mwanzo, hata wa paka wa mtaani aliyezalia darini kwako, na rangi ya kudumu huja baadaye. Kuwaita Waajemi ni kukuuzia utoto wao. Na umri wao! Anaandika "wiki tatu, tayari kusafiri". Wa wiki tatu bado ananyonya. Sisi hatumtoi chini ya wiki nane, na tukiweza tunangoja zaidi, kwa sababu anayetengwa na mama mapema huugua, na akipona hukua anang'ata ovyo.

Kuhusu vyeti: anatuma picha ya cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa chenye muhuri. Chanjo hiyo kwa kawaida huanza paka akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, sasa huyu anayemtangaza kuwa wa wiki sita kaipata wapi? Daktari wa mifugo Kenya husajiliwa na Kenya Veterinary Board na ana namba yake ya usajili. Cheti kisicho na jina la daktari wala namba ni karatasi tu.

Namna rahisi ya kumnasa: mwambie aweke kandambili kando ya paka, apige picha sasa hivi akutumie. Au mpige kwa video. Mwenye paka atacheka na atafanya. Huyu atakwambia simu imevunjika kioo, paka amelala, yuko msibani. Alipobanwa na kijana mmoja wa Nakuru akaanza kumtukana, akamwita mchoyo asiye na huruma na viumbe, kisha akamfungia.

Ili mjue tofauti, sisi tunaotafutia paka makao hatumpakii paka kwenye basi peke yake kama gunia la nazi. Unakuja, unakaa nao, mara nyingine paka ndiye anayekuchagua. Tutakuuliza maswali mpaka utuchoke: unakaa ghorofa ya ngapi, madirisha yana wavu, mwenye nyumba anaruhusu, ukisafiri atalishwa na nani. Wapo wanaokasirika wakidhani tunawachunguza. Ndiyo, tunawachunguza. Tapeli haulizi hata swali moja, kwa hiyo ukimwona "mwokoaji" asiyetaka kujua paka wake anakwenda kuishi wapi, shtuka. Ikiwa kuna gharama ya kumfunga kizazi au chanjo, mlipe daktari mwenyewe kliniki, akukatie risiti.

Kuna na mchezo wake wa pili, wa paka aliyegongwa. Picha ni ileile, bandeji ileile, ila wiki hii anaitwa Simba na wiki ijayo Malaika, na kila mara anahitaji upasuaji usiku huo huo. Uliza tu, "Yuko kliniki gani nipeleke pesa mwenyewe?" Mazungumzo yataishia hapo.

Kinachoniudhi kuliko pesa ni alivyotuharibia. Waliotapeliwa wanatupigia kututukana, na siwalaumu, picha ni zetu. Muuza samaki aliyekuwa akituwekea vichwa sasa anauliza kama kweli vinafika kwa paka. Juzi tulikuwa na watoto wanne wa paka waliotupwa kwenye boksi la sabuni, na watu wawili waliokuwa tayari kuwachukua wakarudi nyuma kwa kuogopa kwamba nasi ni walewale.

Namba yake sitaiweka hapa. Ameshabadilisha laini zaidi ya mara moja, na laini kama hizo mara nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine asiyejua lolote, huenda mzee wa watu kijijini. Sitaki mumtukane asiyehusika.

Kama umeshatuma, fanya haraka. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 uombe pesa irudishwe. Ikiwa hajaitoa kuna matumaini, akishaitoa ni vigumu, kwa hiyo usipoteze muda kubishana naye. Ujumbe aliokuandikia wa SMS uupeleke 333, namba ya Safaricom ya kuripoti utapeli. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, hata kama umeliwa 1,500 tu. Najua mtaona haya kumwambia askari kwamba mmeibiwa kwa ajili ya paka, na pengine atacheka. Mwacheni acheke, mradi aandike. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na haikutenga aliyeibiwa kwa kisingizio cha paka.

Mazungumzo msiyafute. Pigeni picha za skrini zikionyesha namba, tarehe na ujumbe wa malipo, mtutumie pamoja na namba ya OB. Tunazikusanya ili tukaripoti pamoja, kwani lalamiko la mtu mmoja wa nauli ya basi hulala kabatini, na sisi sasa si mmoja.