Hardtop, tairi 285 na difu za 4.56: gereji ya Mwanga hapa Kigoma naipa nyota nne

Wakuu, kwa wasio na muda wa kusoma gazeti, jibu hili hapa: gereji ipo Mwanga, kazi ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu) wanaijua kwelikweli, bei yao si ya kitoto, wanachelewa, ila kazi ikitoka imetoka. Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeibania na sababu ipo huko chini. Jina siweki, ukifika Mwanga uliza fundi wa difu za Land Cruiser, hata bodaboda watakupeleka.

Gari yenyewe ni Land Cruiser hardtop ile ndefu ya mkonga, modeli ya 78, injini 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo (turbo, ya kusukumia hewa kwenye injini). Wanaoijua wanajua, haifi ila haina haraka. Nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni kwenye mizunguko kama 2200 kwa dakika, ukiishusha sana chini ya hapo na mzigo mgongoni inaanza kunung'unika. Naitumia kukodisha, safari nyingi ni ya Simbo, Ilagala, unavuka Malagarasi, unashuka na ziwa mpaka huko Kalya, na kurudi sirudi mtupu, ni dagaa au madumu ya mawese na watu juu yake. Kiangazi ni vumbi na mawe, masika ni tope linalovuta kiatu mguuni. Siku nyingine mteja anataka Kalinzi au Manyovu, huko lami ipo lakini ni milima, unatoka ziwani mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari unapanda mpaka unavuka 1500, na injini isiyo na tabo ikipanda juu hewa inapungua na yenyewe inapungua nayo.

Nilikuwa na tairi za 265/70R16, yaani upana milimita 265, ukuta asilimia 70 ya upana, rimu inchi 16. Tairi nzuri tu, ila kwenye makorongo difu ilikuwa inalima barabara. Na hapa niseme kitu ambacho watu wanadanganyana sana, ukinyanyua gari kwa springi unanyanyua bodi, difu inabaki palepale ilipo, kinachonyanyua difu ni tairi peke yake. Na tairi yenyewe inakupa nusu ya ilichoongezeka, kwa hiyo kutoka 265/70 kwenda 285/75 unapata sentimita 2.8 hivi chini ya difu, basi. Kama unadhani utavuka mto kwa sababu umevaa hizo 285/75, ambazo kimo chake ni inchi 33 hivi, pole.

Sasa nilivyofika pale nikamsalimia mzee, shikamoo, marahaba, nikamwambia nataka nifunge 285. Mafundi wengine ningeshatajiwa bei hapohapo. Huyu akaniuliza, "Kijana wangu, unabeba nini na unapita wapi?" Nikamweleza. Akauliza difu yako reshio ngapi, yaani propela inazunguka mara ngapi tairi ikizunguka mara moja, nikasema 4.1, akasema nani kakwambia, nikanyamaza. Akamwita kijana wake wakanyanyua magurudumu ya nyuma yote mawili, gia wakaweka frii, wakachora chaki kwenye tairi na kwenye propela (lile bomba linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu), kijana anazungusha propela anahesabu mpaka tairi imalize mzunguko mmoja. Ikaja mara nne na kipande kidogo, ndo 4.1 kweli, meno 41 ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) kwa 10 ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). (Ukinyanyua gurudumu moja tu jingine likiwa chini, lile la juu linazunguka mara mbili, kwa hiyo usijihesabie difu ya 2 ukaenda kuwachekesha watu wa spea.)

Halafu akachukua kadibodi akaanza hesabu, na hesabu yenyewe mtu yeyote anaiweza. Chukua 265 mara asilimia 70 unapata ukuta wa tairi, milimita 185 na nusu, zidisha mara mbili maana ukuta upo juu na chini, jumlisha rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406, inakuja 777. Fanya hivyohivyo kwa 285/75 unapata 834. Tairi imekua kwa asilimia 7 na kidogo. Maana yake nini, maana yake 4.1 yako inaanza kufanya kazi kama 3.8, gari ni ileile, injini ni ileile, ila kila gia imekuwa ndefu na nzito. Ukiwa gia ya nne, ambayo injini na propela vinazunguka sawasawa, kwa 80 kwa saa na tairi za zamani injini ilikuwa kwenye 2240 hivi. Ukivaa 285 inashuka 2085. Gia ya tano ndo usiseme. Kuna jamaa yangu wa Kasulu anatembelea hivyohivyo, tairi 33 na difu ya zamani, gia ya tano kwake ni pambo, kilima kidogo tu anarudi ya tatu, na klachi pleti anabadilisha kila mara halafu analaumu spea feki.

Kurudisha gari ilivyokuwa unahitaji 4.4, ambayo madukani hukuti. Unakuta 4.3 au 4.56. Ya 4.3 ingenipa 2185 kwenye mwendo uleule, karibu na zamani ila chini kidogo, ya 4.56 inanipa 2315, juu kidogo ya zamani. Mzee akasema kama ungekuwa unatembea mtupu unaenda Kasulu na kurudi kwenye lami ningekwambia 4.3, ila wewe unabeba mawese, chukua 4.56. Nikamtania kwa nini tusiende 4.88 kabisa, akanionyesha pinioni mbili za mfano mezani. Ya 4.56 ni meno 41 kwa 9, ya 4.88 ni 39 kwa 8, pinioni inazidi kuwa ndogo na jino likizidiwa mzigo linavunjika, tena huko Kalya ambako hakuna wa kumpigia simu. Nilimwelewa.

Ila kilichonifanya nimwamini ni kwamba kabla sijatoa hata shilingi alijaribu kunizuia. Alisema, "Kama shida yako ni tope na mawe tu, vaa 235/85R16, difu usiiguse." Na hesabu inamuunga mkono, ile ni milimita 806, imezidi ya zamani kwa chini ya asilimia 4, 4.1 yako inakuwa kama 3.95, injini haitajua sana. Ni nyembamba na ndefu, inakata tope inatafuta udongo mgumu chini badala ya kuelea juu kama mtumbwi. Au 7.50R16 ile ya siku zote, ambayo ikipasuka popote unaipata maana hata malori madogo yanaivaa. Na mimi nakubaliana naye kwa asilimia mia, kama gari yako haina mzigo mzito na hupiti mchanga wa pembeni ya ziwa, hizo 285 ni za picha tu. Mimi nilizitaka kwa sababu ya mchanga, huko nyembamba inazama, pana ukiipunguza upepo inatembea juu juu. Kila mtu na njia yake.

Spea. Kigoma hupati krauni na pinioni mpya za 4.56, usizunguke kutafuta. Ziliagizwa Dar, na hapa gereji ilinisaidia sana kwa sababu walijua kitu ambacho muuzaji wa kule hakukijua. Hardtop za kuanzia 1999, zile zenye springi za koili mbele, difu ya mbele ni inchi 8 na pinioni imekaa juu, meno yake yamekatwa kinyume, ya nyuma ni kubwa zaidi, inchi 9.5. Kwa hiyo ni seti mbili tofauti kabisa ila reshio lazima ifanane. Muuzaji akatuma ya mbele ya pinioni ya chini, mzee akaigundua ikiwa bado ndani ya boksi, ikarudi, nikasubiri tena. Na msikubali mtu akwambie tufunge ya nyuma kwanza ya mbele utafunga ukipata hela. Ukiweka fowili (magurudumu yote manne yavute) propela mbili zinafungwa pamoja, mbele inataka kwenda mwendo huu nyuma mwendo ule, kwenye utelezi zitasumbuana kidogo, kwenye lami kitapasuka kitu, na hicho kitu ni ghali. Pia krauni na pinioni zimesagwa pamoja kiwandani, huwezi kuchukua krauni ya huku na pinioni ya kule.

Ufungaji wao ndo ulionifurahisha. Wanapaka rangi kwenye meno ya krauni, wanazungusha, wanaangalia alama imekaa wapi, ikikaa kwenye ncha ya jino wanafungua, ikikaa kwenye shina wanafungua, wanabadilisha shimu (vile vibati vyembamba vya kusogeza gia) wanafunga tena, mpaka ikae katikati. Uchezaji wa meno wanapima kwa saa ya kupimia, milimita 0.15 na kidogo, sio kwa kutikisa na mkono na kusema iko poa. Nimekaa gereji nyingi Kigoma hii na Tabora, kile kifaa wengi wanacho ndani ya kabati kimefungwa na nailoni. Hapa kimejaa grisi, kinatumika. Wakanipa masharti: mwanzoni usibebe mzigo, usivute gari la mtu, tembea kilomita 20 hivi simama difu ipoe, ukifika kama kilomita 800 rudi tumwage oili. Oili walitumia GL-5 ya 80W-90. Niliporudi oili ilikuwa na ungaunga wa chuma, mzee akasema huo ni wa kawaida kwa meno mapya, vipande ndo vya kuogopa.

Nikamwambia pia nyuma inalia kidogo ukiachia mafuta kwenye 60. Angeweza kuniambia itazoea. Alifungua, akapaka rangi upya, akachezea shimu, sauti ikafa, na hakunidai hata ya soda.

Matokeo sasa. Mlima wa kupanda Kalinzi niliokuwa nashusha gia mpaka ya pili nikiwa na mzigo sasa hivi naupanda na ya tatu na klachi siigusi. Kwenye tope kuondoka ni laini, huhitaji kuunguza klachi. Gia ya tano inarudi kuwa gia kwenye barabara ya Kasulu. Mafuta, hapa niwe mkweli, sijaona inapunguza, tairi ni nzito na pana, inakula kama zamani au zaidi kidogo, anayekwambia utabana dizeli kwa tairi kubwa anakuuzia tairi. Breki nazo lazima uanze kukanyaga mapema. Na spea tairi ya 33 kwenye mlango wa nyuma inaning'inia nzito, bawaba za mlango ziangalie.

Spidomita ni kitu watu hawaelewi kabisa. Kwenye hii gari inasoma kutoka kwenye propela, kwa hiyo tairi na difu vyote vinaihusu. Ukivaa 285 na difu ya zamani, ikisoma 80 wewe unaenda karibu 86, na kijijini ukisoma 50 unaenda 53 na zaidi, trafiki wa tochi hatakusikiliza habari za tairi. Na 4.56 imegeuka, ikisoma 80 kweli ninaenda 77. Nimeiacha hivyohivyo.

Mabaya sasa. Wanachelewa, ukiambiwa Ijumaa weka akilini Jumatano inayofuata, na sio sababu ya spea tu, kuna muda gari langu lilikuwa limefunguliwa tumbo wazi huku wote wanahangaika na basi la mtu. Uwanja wao nusu hauna bati, mvua ikipiga kazi inasimama, difu wanazifungia ndani lakini wewe unasubiri. Wakati wa kunikabidhi hawakurekebisha bolti za kuzuia steringi, ukikata mpaka mwisho tairi inakwaruza ndani, nikarudi wakarekebisha dakika kumi, ila kwa kazi ya bei ile walitakiwa waione wenyewe kabla sijatoka getini. Na kubwa kuliko yote, risiti. Nilipewa karatasi ya daftari, "difu 2, ufundi" na jumla chini. Gari ni ya biashara, hesabu zangu nazipeleka na nini? Hiyo ndo nyota yangu ya tano ilipoishia. Vijana wake wanasema mashine ya risiti inakuja, haya.

Bei sitaji maana kila gari na ugonjwa wake, ila jua tu kwamba krauni na pinioni za mbele na nyuma na ufundi wake zilinigharimu zaidi kwa mbali kuliko tairi na rimu. (Na rimu utahitaji, 285 haitaki rimu nyembamba, mimi nimefunga za inchi 8.) Kwa hiyo ukiwa na hela ya tairi tu, nunua 235/85 ulale.

Ukienda nenda asubuhi, mchana mzee anakuwa chini ya gari hatoki. Piga picha kile kibati cha chesisi kabla hujaenda, kina namba ya siri (code) ya ekseli inayoonyesha difu yako ni ya aina gani, atakuuliza hicho kwanza hata kabla hujakaa kwenye benchi. Na tairi kama bado hujanunua usinunue, mwache apige hesabu kwanza.