Jeki wangu, majibu ya ini na dokta aliyekaa kunielewesha (Tanga)

Jeki ni mbwa wangu wa miaka 7, ndo mlinzi wetu hapa Sahare, hajawahi kuumwa zaidi ya kupe. Mwaka huu akaanza kunywa maji hashibi, ndoo ndogo niliyokuwa najaza asubuhi mchana iko tupu, na usiku anakojoa barazani kitu ambacho hakuwa nacho kabisa.

Nikampigia dokta wa mifugo mmoja anayefuata wanyama majumbani. Akasema asile tangu usiku, asubuhi akaja akamnyoa kidogo mguu wa mbele akavuta damu, ikaenda Dar kwa basi kwenye boksi la barafu. Siku ya tatu majibu ya vimeng'enya vya ini yakaingia kwenye simu, ALP 612 wakati mwisho pale ni 150, ALT 148 na mwisho ni 100, zote nyekundu. Niliishiwa nguvu jamani, nikajua ini ndo limekwisha.

Kesho yake dokta akaja, wala hakuandika dawa, akakaa barazani akaanza kunielewesha. ALT inakaa ndani ya seli za ini, seli zikiumia inavuja kwenye damu, kwahiyo inakuambia ini limeguswa lakini haikuambii kama bado linafanya kazi, hilo unaliangalia kwenye vitu ambavyo ini linatengeneza au kusafisha, yaani albumini, bilirubini, sukari na urea, na za Jeki zote zilikuwa sawa. Akamfunua mdomo nione fizi, ni pinki, akavuta kope, jicho jeupe hamna umanjano. Halafu akasema ALP kwa mbwa ina mambo yake, mbwa akipewa steroidi (dawa kali za kutuliza muwasho na uvimbe) ini linaitengeneza kwa wingi. Akaniuliza, "Dada, amechomwa sindano yoyote karibuni?"

Hapo nikakumbuka. Kuna duka la dawa za mifugo nilimpeleka sababu ya muwasho, wakamchoma mara tatu ndani ya miezi miwili na jina la dawa sikuambiwa. Nikarudi nikaomba nione kichupa, deksamethazoni, ambayo ni steroidi. Kumbe hata ile kiu na mikojo ni steroidi hiyo hiyo. Iliniuma sana, maana hela ya zile sindano nilitoa mimi.

Hakuishia hapo, akampima homa ya kupe maana nayo inapandisha ALT, hana. Akaomba kuona chakula, akachota pumba stoo akanusa, ina ukungu, akasema mwaga yote leo leo, sumukuvu (sumu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016) inaua ini la mbwa vile vile. Akasisitiza nisimpe panado hata akiwa na homa.

Tukapima tena baada ya wiki 6, ALT 71, ALP 240. Anasema ALP ya steroidi inashuka taratibu, na ALT ingegoma kushuka tungepima asidi za nyongo, kipimo kinachoonyesha ini linavyofanya kazi, kabla ya kula na masaa mawili baada ya kula.

Kasoro ninayoiona ni moja, majibu yasitumwe kwenye simu kabla dokta hajaongea na mtu, usiku ule sikulala. Bei 95,000 kila kipimo ni kubwa kwa wengi wetu, lakini bila yale maelezo ningeenda kumnunulia Jeki dawa za ini na sindano zingeendelea.

Leo saa kumi jioni nimeangalia ndoo, maji ya asubuhi bado nusu.